Kuhariri Sauti ya Somo la Slaidi: Kila Slaidi na Faili Yake

Mwalimu anayetayarisha somo la mtandaoni kwa slaidi hutumia siku kadhaa kupanga maandishi, majedwali na picha, kisha jioni moja huketi mbele ya kompyuta, hubonyeza kitufe cha kurekodi na kulisoma somo zima kwa mkupuo mmoja. Kinachopatikana ni faili ya dakika 25 yenye vikohozi, mvumo wa feni, sentensi zilizorudiwa, na pikipiki iliyopita wakati jedwali la riba lilipokuwa likifafanuliwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuigeuza faili hiyo kuwa somo linalosikilizika. Mfano nitakaoutumia ni somo la slaidi 24 kuhusu akiba na mikopo kwa wanachama wa SACCOS, kwa kuwa masomo ya aina hiyo yamepita mikononi mwangu mara nyingi, na kwa kuwa yana maneno yanayomwadhibu mhariri mwenye haraka.

Uamuzi mmoja hutangulia mengine yote: sauti isiwe kama mkeka mmoja uliotandikwa chini ya slaidi zote, bali kila slaidi iwe na faili yake. Anayeweka faili moja ndefu ataona kwamba sekunde 2 alizoziondoa kwenye slaidi ya 3 zimesogeza kila kitu hadi slaidi ya 24, na kwamba mwanafunzi anayetaka kurudia maelezo ya riba analazimika kuvuta mshale huku na huko akiyatafuta. Faili zikiwa 24, slaidi zinaweza kupangwa upya bila kuvunja chochote, na tarakimu ikibadilika hurekodiwa kipande kimoja tu. Hii haimaanishi kwamba uhariri wenyewe ufanywe mara 24. Sauti yote huhaririwa ndani ya mradi mmoja, ikasafishwa na kusawazishwa kwa pamoja, kisha ikagawanywa mwishoni.

Programu ninayoitumia ni Audacity, ambayo Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg waliianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na ambayo tangu ilipotolewa kwa umma mwaka 2000 imebaki kuwa ya bure na chanzo huria. Inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani, na hilo kwa wengi wetu ni sababu tosha. Majina ya amri nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye menyu zake za Kiingereza, ili msomaji ayatambue anapoyaona.

Mambo ya kumwomba mwalimu kabla hajarekodi

Nusu ya uhariri hufanyika kabla ya kurekodi. Mwalimu aketi umbali wa shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, nayo iwe pembeni kidogo ya mdomo badala ya mbele yake, ili pumzi ya herufi “p” na “b” isiipige moja kwa moja. Chumba chenye kitanda, mapazia mazito na kabati lililojaa nguo kinafaa kuliko ofisi yenye sakafu ya vigae, kwa sababu mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki kirahisi. Blanketi lililotundikwa nyuma ya mzungumzaji husaidia, ilhali kanga, kwa wepesi wake, hupamba ukuta tu. Feni izimwe, hata kama ni Februari na tuko Dar es Salaam.

Kiwango cha sauti kiwekwe ili vilele vya mazungumzo ya kawaida vifike karibu na desibeli −12 (kwenye kipimo hiki dari ni 0), na kicheko au msisitizo usivuke −6. Sauti ndogo inaweza kukuzwa baadaye, lakini sauti iliyogonga dari ya 0 hukatwa vichwa vya mawimbi yake, na hakuna amri itakayovirudisha kama vilivyokuwa.

Mwombe pia mambo mawili ambayo walimu huyaona ya kipuuzi mpaka waone faida yake. La kwanza ni kukaa kimya kwa sekunde 10 mwanzoni mwa rekodi, bila kugusa karatasi wala kuvuta kiti. Ukimya huo wa chumba ndio malighafi ya kusafishia kelele na ya kuzibia mapengo. La pili ni kwamba anapokosea asiombe radhi wala asianze somo upya, bali apige makofi mara moja, anyamaze kidogo, kisha arudie sentensi yote tangu mwanzo. Kofi hilo huonekana kwenye picha ya wimbi kama mwiba mrefu, na mhariri hupata makosa yote kwa kutazama tu, bila kusikiliza dakika 25 akiyawinda.

Ama kuhusu kelele za nje, ni vyema kutofautisha zile zinazodumu na zile zinazokuja na kuondoka. Mvumo wa jokofu ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nao unaweza kupunguzwa. Kunguru, jogoo, honi na mvua juu ya bati hubadilika kila nukta, na hizo hazina dawa isipokuwa kurekodi upya. Kwa adhana, jambo la busara ni kuangalia saa na kusimama kurekodi kabla haijaanza.

Iwapo sauti tayari imo ndani ya PowerPoint

Mara nyingi mhariri haletewi faili ya sauti. Analetewa wasilisho ambalo mwalimu alikwisha kulirekodi slaidi kwa slaidi ndani ya PowerPoint, na anaambiwa “rekebisha tu kidogo”. Wengi hukata tamaa hapo, au hulicheza wasilisho zima huku wakirekodi tena kutoka kwenye spika, jambo linaloharibu sauti bila sababu.

Faili yenye kiambishi .pptx kwa hakika ni kifurushi cha zip. Tengeneza nakala yake, badilisha kiambishi kiwe .zip, ifungue, kisha ingia kwenye folda iitwayo ppt na ndani yake folda iitwayo media. Humo utakuta picha zote pamoja na sauti za kila slaidi, mara nyingi zikiwa na kiambishi .m4a. Ili kufungua faili za m4a, Audacity huhitaji maktaba ya ziada iitwayo FFmpeg, nayo huwekwa mara moja tu. Tahadhari ni kwamba namba za faili hizo si lazima zilingane na namba za slaidi. Media7 inaweza kuwa ya slaidi ya 12, hasa kama mwalimu alirekodi baadhi ya slaidi mara mbili. Sikiliza maneno ya mwanzo ya kila moja na uipe jina jipya kabla ya kufanya lolote lingine, na utumie tarakimu mbili, yaani 01, 02, 03, kwa sababu bila sifuri programu nyingi zitaipanga 10 kabla ya 2.

Sauti zilizorekodiwa kwa njia hii zina ugonjwa wake maalumu. PowerPoint hairekodi wakati slaidi moja inapopisha nyingine, kwa hiyo mwalimu aliyeendelea kusema huku akibonyeza mshale atakuwa amepoteza silabi au neno zima la mwanzo. Usijaribu kuliunganisha neno hilo kutoka slaidi nyingine. Orodhesha slaidi zilizoathirika na umrudishie mwalimu azirekodi upya, akiagizwa ahesabu moja hadi mbili kimoyomoyo baada ya kila badiliko la slaidi.

Kusafisha

Jambo la kwanza baada ya kufungua rekodi ni kuangalia kama ni mono, yaani njia moja ya sauti, au stirio, yaani njia mbili, kushoto na kulia. Maikrofoni moja ikirekodi kwa stirio, huwa aidha pande zote mbili zinafanana, na hapo nafasi inapotea bure, au sauti iko kushoto peke yake na kulia hakuna kitu. Hali hii ya pili ni mbaya kuliko inavyodhaniwa, kwani wanafunzi wengi husikiliza kwa sikio moja wakiwa kwenye daladala au matatu, na anayeweka kile kisikizi cha kulia ataambulia ukimya. Ikiwa upande mmoja ni mtupu, zitenganishe pande hizo mbili na uufute ule mtupu. Usizichanganye, kwa sababu kuchanganya sauti na ukimya hupunguza sauti kwa desibeli 6.

Halafu shughulikia mvumo wa umeme. Umeme wa Afrika Mashariki huenda kwa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na adapta mbovu ya kompyuta huuingiza mvumo huo kwenye rekodi, pamoja na wajukuu wake wa hezi 100 na 150. Mafunzo mengi ya video yametengenezwa Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, na hata amri ya “Notch Filter” katika Audacity, inayotoboa na kuondoa mlio wa namba moja tu ya hezi, hufunguka ikiwa imewekwa 60. Asiyejua hilo huiendesha amri mara tatu, akashangaa mvumo ungali palepale. Badilisha namba iwe 50, weka thamani ya Q iwe kubwa, mathalani 10, ili tundu linalotobolewa liwe jembamba, kisha rudia kwa 100 kama bado unausikia. Kwa kishindo cha meza na ngurumo za barabarani, “High-Pass Filter” ya hezi 80, inayozuia sauti nzito zilizo chini ya namba hiyo, inatosha. Usiende juu sana ya hapo kwa mwalimu mwenye sauti nzito, kwani utamnyang'anya kifua chake.

Sasa ndipo zinapotumika zile sekunde 10 za ukimya. Chagua sekunde 2 au 3 kati yake ambazo hazina hata mlio wa kiti, fungua “Noise Reduction”, bofya “Get Noise Profile” ili programu iitambue kelele, kisha chagua traki nzima, yaani mstari wote wa sauti, rudi kwenye amri ileile na uitekeleze. Mimi huanza kwa kupunguza desibeli 6, nikasikiliza, na sijapata kuvuka 9 nisijute. Kelele kidogo nyuma ya sauti haimchoshi mwanafunzi, lakini sauti iliyosafishwa kupita kiasi hugeuka kama ya mtu anayezungumza akiwa ndani ya kisima, na hiyo inachosha baada ya dakika 3. Kazi hii ifanywe kabla ya kubana au kukuza sauti, kwa sababu amri hizo hunyanyua kelele pamoja na maneno.

Kukata

Hapa ndipo muda mwingi utaishia, na ndipo Kiswahili kinapotaka uangalifu wake chenyewe.

Maneno mengi ya Kiswahili huanza kwa “m” au “n” inayojitegemea kama silabi. Midomo imefungwa, sauti inapita puani, na kwenye picha ya wimbi silabi hiyo huonekana kama mstari ulionyooka, karibu sawa na ukimya. Mhariri anayekata kwa macho huweka ukingo wa mkato pale wimbi linapovimba, na silabi ya kwanza ikaenda na ukimya. Amri zinazonyamazisha kila kilicho chini ya kiwango fulani, kama “Noise Gate”, hufanya kosa hilohilo kwa kasi zaidi. Katika lugha nyingine pengine lingebaki neno lililochubuka kidogo, lakini kwetu hubaki neno jingine kamili: “mtaji” huwa “taji”, na “mkopo” huwa “kopo”. Niliwahi kukabidhi somo ambamo mwanachama alielekezwa jinsi ya kuomba kopo na kulirejesha kwa miezi 12, na mimi nilikuwa nimelisikiliza mara mbili bila kulitambua, kwa kuwa nilijua mwalimu alimaanisha nini. Tangu siku hiyo humpa mtu asiyelijua somo asikilize kabla ya kulitoa.

Herufi “h” ina hatari ya aina hiyohiyo, kwa sababu nayo ni pumzi. Anayefuta pumzi zote kabla ya sentensi atajikuta “hisa” imekuwa “Isa” na “hasara” imekuwa “asara”. Kwa hiyo pumzi zisifutwe. Zile kubwa zinazoghasi zichaguliwe na kushushwa kwa desibeli 8 au 10, nazo zitabaki kama dalili ya mtu aliye hai, bila kuvuta sikio.

Kanuni ninayoifuata ni kuacha nafasi ya takriban sehemu 2 za kumi za sekunde kabla ya pale ambapo jicho linaona neno limeanza, na nafasi kama hiyo mwishoni, kwa kuwa irabu ya mwisho wa sentensi nayo hufifia polepole. Baada ya kuchagua kipande cha kuondoa, bonyeza Z ili kingo za uteuzi zisogee hadi mahali ambapo wimbi linavuka sifuri. Bila hivyo husikika mlio mdogo wa “tik” kwenye kiungo. Kisha futa, na usikilize kuanzia sekunde 3 kabla ya kiungo, si kuanzia kwenye kiungo chenyewe, kwani kasoro ya mahadhi husikika tu pale sikio linapokuwa limeshaingia kwenye mwendo wa msemaji.

Mahadhi ndiyo yanayozuia ufundi mwingine unaovutia, yaani kubadilisha maana kwa mkasi. Tuseme riba ilikuwa “asilimia kumi na mbili” na sasa imeshuka hadi kumi. Inaonekana rahisi kuondoa “na mbili”, lakini jaribu, kisha sikiliza. Katika Kiswahili, silabi ya pili kutoka mwisho hurefuka neno linapofunga kauli, na “kumi” iliyokuwa katikati ya kauli ni fupi na imening'inia, ikisubiri kitu kifuate. Msikilizaji atabaki naye anasubiri. Namba zikibadilika, mwalimu arekodi sentensi nzima upya. Vivyo hivyo kwa neno lililotamkwa vibaya: kipande cha kubandika kiwe sentensi, kwa uchache kauli yenye mwanzo na mwisho wake, kamwe kisiwe neno moja.

Unapohitaji kurefusha kituo au kuficha kikohozi kilicho kati ya sentensi mbili, usitumie amri ya kunyamazisha, ambayo huweka ukimya mtupu wa kompyuta. Anayesikiliza kwa hedifoni atasikia chumba kikizimika na kuwaka tena, kama redio inayokatika. Nakili sehemu ya ule ukimya wa chumba na uibandike hapo.

Kuhusu urefu wa vituo, mimi huacha zaidi ya nusu sekunde kidogo kati ya sentensi, sekunde 1 hivi panapobadilika hoja, na sekunde 2 au 3 pale mwanafunzi anapotakiwa kutazama jedwali kabla ya kuendelea kusikia. Amri ya “Truncate Silence” hufupisha vituo vyote kwa mara moja, na kwa mahojiano ya redio ina kazi yake. Kwa somo siipendekezi, kwa sababu haijui tofauti kati ya mwalimu aliyesahau alichotaka kusema na mwalimu aliyenyamaza ili mwanafunzi afikiri.

Wakati wa kukata ndipo pia unapogundua kwamba baadhi ya sentensi hazistahili kuwepo kabisa. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ambaye ametafiti kwa miaka mingi namna watu wanavyojifunza kwa maneno na picha, ameonyesha kwamba kusoma kwa sauti maneno yaleyale yaliyoandikwa kwenye skrini, sambamba na picha, mara nyingi humzuia mwanafunzi badala ya kumsaidia. Mhariri hana mamlaka ya kuandika somo upya, lakini anaweza kumwonyesha mwalimu kwamba slaidi ya 9 inasomwa neno kwa neno na kwamba sekunde 40 zingeokolewa. Muziki chini ya sauti nao ni wa kukataliwa kwa sababu hiyohiyo ya kugawanya akili. Ukitakiwa sana, uwekwe sekunde 5 za mwanzo wa somo na uishe kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Kusawazisha

Baada ya kukata, tumia “Compressor” kwa kiasi kidogo, uwiano wa 2 kwa 1 au 3 kwa 1, ili maneno yaliyosemwa kwa kunong'ona yakaribiane na yale yaliyosisitizwa. Kisha tumia “Loudness Normalization”, ambayo hupima sauti kwa kizio cha LUFS, yaani jinsi sikio linavyoihisi, badala ya kuangalia kilele kimoja kirefu. Kwa traki ya mono mimi huweka −19 LUFS, na kile kisanduku cha kuihesabu mono kama stirio nakiacha bila alama. Vilele vikivuka desibeli −3, “Limiter” itavishusha. Amri hizi zitekelezwe kwenye traki nzima kwa pamoja. Ukisawazisha kila slaidi peke yake, slaidi fupi yenye sentensi moja ya upole itapandishwa hadi ifanane na ile ndefu ya msisitizo, na mwalimu atasikika kama mtu anayesogea na kurudi. Tofauti pekee ni pale somo liliporekodiwa kwa siku mbili, ambapo kila siku husawazishwa kivyake ili ziungane.

Kugawa na kutoa faili

Weka kishale mahali slaidi ya 1 inapoanza, bonyeza Ctrl+B na uandike jina la lebo, mathalani 01_utangulizi. Fanya hivyo hadi slaidi ya 24. Kila lebo iwe nusu sekunde kabla ya neno la kwanza, na kila slaidi imalizike kwa sekunde 1 ya ukimya wa chumba. Nusu sekunde hiyo si pambo: spika na visikizi vya Bluetooth vingi hulala pasipo sauti na huchelewa kuamka, vikala neno la kwanza. Kisha chagua kutoa faili nyingi kwa kufuata lebo, na Audacity itakutolea faili 24 zenye majina uliyoyaandika. Lebo zenyewe zinaweza pia kutolewa kama faili ya maandishi yenye nyakati, nayo ni msingi mzuri kwa atakayetayarisha maandishi ya skrini kwa ajili ya wanafunzi wasiosikia.

Toa seti mbili. Ya kwanza iwe WAV kwa ajili ya kuhifadhi, kwa kuwa MP3 hupoteza kitu kila inapohaririwa na kutolewa upya. Ya pili, inayokwenda kwa mwanafunzi, iwe MP3 ya mono kwa kilobiti 64 kwa sekunde. Hesabu yake inafaa kufanywa wazi, maana anayelipa bando ni mwanafunzi. Dakika 1 ya WAV ya mono, kwa hezi 44,100 na biti 16, ni takriban MB 5.3. Dakika hiyohiyo kwa MP3 ya kilobiti 64 haifiki nusu MB. Somo letu, ambalo dakika zake 25 zimebaki 18 baada ya kukatwa, lina karibu MB 9. Lingetolewa kwa stirio ya kilobiti 192, kama wengi wanavyofanya kwa mazoea, lingekuwa MB 26, na hakuna sikio lingeona tofauti kwenye sauti ya mtu mmoja anayezungumza.

Kurudisha kwenye slaidi

Kwenye PowerPoint, futa alama ya sauti ya zamani, ingiza faili mpya, ichague ianze yenyewe na alama yake ifichwe wakati wa onyesho. Kisha weka muda wa slaidi kubadilika uwe sawa na urefu wa faili yake, na mahali penye vipengele vinavyojitokeza kimoja kimoja, vipange upya kwa kufuata maneno, kwa kuwa nyakati za zamani zilifuata sauti ambayo haipo tena. Kipengele kijitokeze pamoja na neno linalokitaja. Kikitangulia, mwanafunzi hukisoma na kuacha kusikiliza.

Usipakie .pptx yenyewe kwenye Moodle au mfumo mwingine wa masomo kwa kutumaini kwamba wote wataisikia, kwani programu nyingi za simu huonyesha slaidi bila kucheza sauti. Njia iliyo salama kwa wengi ni kutoa video ya MP4 ya 720p, ikigawanywa sehemu tatu au nne fupi, ili mtandao ukikatika mwanafunzi asianze tena mwanzo. Kabla ya kukabidhi, lisikilize somo zima mara mbili: kwa hedifoni, ili kusikia viungo na mvumo, kisha kwa spika ya simu ya bei ya chini huku dirisha la barabarani likiwa wazi, kwani spika ndogo haitoi sauti nzito na huzifanya “s” na “sh” zichome. Yale yasiyosikika hapo hayatasikika kwa mwanafunzi pia.

Hifadhi mradi wa Audacity, zile WAV 24 na ule ukimya wa chumba katika folda moja, pamoja na maandishi mafupi yanayotaja chumba, maikrofoni, umbali wake na namba ulizotumia katika kila amri. Siku mkutano mkuu wa wanachama utakapobadilisha riba, tuseme iliyo kwenye slaidi ya 14, mkalishe mwalimu mahali palepale, umchezee slaidi ya 13 aisikie sauti yake ya siku ile, kisha umwombe aisome slaidi ya 13 na ya 14 kwa mfululizo. Ile ya 13 itupe. Ilikuwa ya kumrudisha kwenye mwendo wake wa zamani tu, na ya 14 ndiyo utakayoiweka.